Kijiti cha Mpingo na Gia ya Chura

Shinyanga, Alhamisi jioni

Mwanangu Kabula,

Kwa huzuni isiyo na kifani nachukua nafasi hii kukutangazia wewe, mama yako, ndugu, jamaa na kuku wote wa nyumba hii kwamba dirisha la jikoni limefariki leo saa kumi alasiri. Halikuugua. Lilikuwa wazi tangu asubuhi, likiwa na afya yake, mara likaanguka na kujifunga. Marehemu ameacha mjane mmoja, yaani mama yako, ambaye hivi niandikapo anakohoa moshi wa kuni na kuniuliza kupitia ukutani kama nimekiona kile kijiti cheusi kinachoshikilia ubao wa dirisha usishuke. Nimemjibu kwamba tutakitafuta. Mazishi yatatangazwa.

Mambo ya shuka, sabuni, dawa ya homa na namna ya kukaa kwenye treni bila kulalia bega la mtu usiyemjua, mama yako ameshayasema mara tatu, na akiamka kesho atayasema ya nne. Sina la kuongeza. Mimi nilipewa kazi moja tu, kulifunga sanduku kwa kamba, na nimelifunga. Chini kabisa, chini ya yale magauni mawili, nimetia kitu ambacho hakimo katika hesabu za mama yako. Usikitafute bado. Najua barua hii utaifungua ukishapita Tabora, maana huna subira ya kufika nayo mbali zaidi. Isome yote kwanza.

Nataka kuzungumza nawe habari ya Jumapili, siku tuliyokuaga.

Ulisimama baada ya pilau, ukajifunga leso kichwani kama kofia ya viua, ukaigiza ile sauti ya watu wa pwani, ukaanza: “Jamani, sikilizeni Gia ya Chura.” Mama Masele alicheka mpaka akaanguka pamoja na kigoda. Katekista, ambaye sijawahi kuona meno yake yote, Jumapili niliyahesabu. Uliisimulia vizuri kuliko mimi, na nasema hivyo kwa wivu. Kisha ukamaliza kwa kusema kwamba ukifika Dar es Salaam, salamu yako ya kwanza kwa Mzee Shomari itakuwa hadithi hiyo hiyo, utamwigizia mwenyewe, mbele ya mkewe na wanawe, sebuleni kwake.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga. Mikono yangu ilijiendea yenyewe, na tangu saa ile, mayu, mama yangu, naitunga barua hii kichwani.

Hadithi, kama tulivyokulisha tangu ulipokuwa huna meno ya mbele, ni hii. Baba yako na Mzaramo mmoja aitwaye Shomari walikuwa mafundi wa magari kwenye mgodi huko Geita. Mzungu wao alikuwa na kigari cha mashindano, jina lake Chura. Giaboksi ikafa, ikaletwa mpya. Shomari, kwa pupa ya pwani, akaikaza bolti kama anakamua tui la nazi, giaboksi ikapasuka, na Mzungu akaachwa porini na kigari chake. Hapo wasikilizaji hucheka. Ndiyo maana nyumbani kwetu mtu akivunja kikombe tunamwambia amekamua tui. Hata mdogo wako anasema, na hajui Shomari ni mtu au ni mti.

Hadithi hiyo ina kasoro moja. Nitaifikia. Nivumilie, maana nimeizunguka miaka kumi, na mtu aliyezoea kuzunguka hawezi kunyoosha njia kwa siku moja.

Kwanza umjue Shomari, kwa sababu nilikupa vichekesho vyake nikakunyima mwenyewe. Wewe unajua kwamba sisi na Wazaramo ni watani. Lakini umekulia huku ambako watani hao ni wachache, kwa hiyo utani wenyewe unaujua kama wimbo uliousikia kwa jirani. Mimi niliishi nao kila siku. Asubuhi akinikuta gerejini Shomari husema, “Mtani, umekuja na miguu miwili leo, ile mingine miwili umemwachia ng'ombe?” Nami humjibu kwamba kwao mtu akiona jembe anatetemeka, akiona ngoma anapona. Alisema Msukuma akiona ukuta uliopakwa chokaa anauamkia. Hakukasirika kamwe, wala mimi. Ndiyo sheria ya utani: mtani hakasiriki, na mtani akikucheka nawe cheka. Ukikasirika umeuvunja, na aibu ni yako.

Babu yako, baba yangu, alipofariki, Shomari alikuja na mimi mpaka kijijini, siku mbili za mguu na lori. Walipokwisha kuchimba kaburi alishuka akalala ndani, akakunja mikono kifuani, akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa kuwa Wasukuma wamechimba shimo zuri hivi na hawana akili ya kulitumia. Nilikuwa sijalia tangu mzee alipokata roho; kifua kilikuwa kama kimeshindiliwa mawe. Nilicheka pale ukingoni, kicheko kikageuka kilio, na hapo ndipo nilipopata kumzika baba yangu. Yule ndiye mtu uliyetaka kumwigiza. Kosa si lako. Mimi ndiye niliyekupa leso.

Utaniuliza kwa nini sikuyasema mapema. Nimejiuliza mimi pia, na jibu langu halinipendezi. Mara ya kwanza niliisimulia hadithi ile kwa woga, mama yako aliponiuliza kwa nini Shomari ameondoka bila kuaga. Mara ya pili niliisimulia kilabuni, watu wakacheka, nikaona kumbe inachekesha. Baada ya hapo haikuwa yangu tena. Nikifika harusini, naambiwa, Baba Kabula, hebu ile ya Chura. Nikisema leo sijisikii, wanadhani najivunga. Kila niliporudia nilipigilia msumari mmoja zaidi, mpaka siku moja nikatanabahi kwamba nimejijengea kibanda, na mimi niko ndani, na misumari yote nimeipigilia kutoka ndani. Mtu akifungwa na serikali hujua siku ya kutoka. Mimi nilifungwa na kicheko, na walinzi wangu walikuwa watu wanaonipenda.

Siku moja nilijaribu. Ulikuwa na miaka kumi na mbili, unaumwa, nimekaa nawe. Ukasema, “Baba, nisimulie Chura.” Nikaanza kuisimulia ilivyokuwa kweli. Ukanisahihisha. Ukasema, “Hapana, baba, hapo anakaza Shomari.” Nikasema, ee, kweli, anakaza Shomari. Umeniona nilivyo shujaa.

Kisha mwezi uliopita mpwa wake Shomari, yule kijana wa stesheni, alinifuata pale kiwanda cha pamba nikiwa chini ya lori. Akainama akaniamkia, akasema mjomba wake ananisalimu, na amesikia mtoto wa mtani wake anakwenda Dar kusomea uuguzi. “Anasema asilale kwa watu ilhali nyumba ipo. Akae kwake mpaka bweni lifunguliwe.” Mimi sikuwa nimeomba. Nilibaki kule chini muda mrefu kuliko lori lile lilivyohitaji.

Basi nina ombi. Ukifika, mwamkie kwanza, na umwamkie na Mama wa nyumba. Halafu fungua sanduku. Chini ya magauni utakuta kile kijiti cheusi cha dirisha, kimezungushiwa karatasi na kufungwa uzi. Karatasi ni barua yake, ina mistari michache. Nilianza nyingi nikazichana, maana zote zilikuwa na mizaha. Mpe mkononi. Usiniombee msamaha, hilo si sanduku lako kulibeba. Na ile hadithi, ukiombwa kuisimulia, isimulie, lakini jina langu liweke panapostahili. Itachekesha zaidi, mimi ndiye mshamba wa kweli katika hadithi hiyo.

Sasa nakuandikia ilivyokuwa.

Mgodi ule haukuwa miongoni mwa ile mikubwa. Ulikuwa wa Mzungu mmoja, porini upande wa Rwamgasa, mashimo matatu, mtambo wa kusagia mawe na gereji ya mabati. Leo nasikia ni nyasi tu. Mzungu huyo tulimwita Bwana Saa, kwa sababu aliitazama saa hata akiwa anakunywa maji. Kigari chake kilikuwa cha kijani, cha viti viwili, hakina paa, kimelala chini kiasi kwamba mbuzi akisimama mbele yake anamtazama dereva kutoka juu. Kwao kilitengenezwa kishindane na magari mengine. Huku kilishindana na mashimo, na mashimo yakashinda. Kilirukaruka, kwa hiyo Chura.

Shomari alikuwa fundi mkuu. Mimi nilikuwa msaidizi wake. Nyumbani nimekuwa nikisema tulikuwa sawa. Hilo nalo lipunguze.

Giaboksi ya lori unalala chini, unafungua, unaishusha. Ya Chura imebanwa kwa ndani, haitoki ila injini nzima itoke nayo. Tulisimamisha miti mitatu, ile ambayo wachimbaji huvutia ndoo kutoka shimoni, tukafunga kapi na mnyororo, tukaing'oa injini na gia yake, tukailaza juu ya magogo. Tukaitenga giaboksi ya zamani, meno yake yamelika kama ya bibi. Ikabaki kuifunga mpya.

Hapo ndipo kwenye kazi. Kati ya injini na giaboksi kuna sahani ya klachi, ina tundu katikati, na mhimili wa giaboksi lazima upite katika tundu hilo. Sahani ikikaa pembeni hata kwa unene wa punje ya mchele, mhimili unagonga, hauingii. Na mkono hauoni mle ndani. Shomari alikuwa amechonga kijiti cha mpingo, kinene kama kidole gumba, laini kama kioo. Unakipitisha kwenye tundu, sahani inakaa katikati, unaikaza, unakichomoa. Alikiita macho.

Ilikuwa Ijumaa. Akanawa mikono aende kuswali na wenzake kambini, akaniambia, “Mtani, usifunge mpaka nirudi. Na kama itakushika hamu, tumia macho.”

Nilishikwa na hamu. Nilitaka akirudi akute kazi imekwisha, aone kwamba mtoto wa mchunga ng'ombe anaweza bila kijiti cha mtu. Niliikadiria sahani kwa jicho. Nikaisukuma giaboksi, ikaingia, ikagoma. Ikabaki nafasi ndogo, penseli ingepita. Mwenye akili angeitoa akatazama kinachozuia. Mimi nilichukua bolti mbili ndefu, nikatia nati, nikaanza kuivuta kwa spana. Nafasi ikapungua. Nikafurahi. Nikaongeza. Kisha nikasikia sauti ndogo, kama karanga inayobanjwa.

Sikio moja la giaboksi, pale bolti inapopita, lilikuwa limepata ufa mrefu kama kidole. Nililegeza bolti, nikaitoa giaboksi. Ndipo nikachukua kijiti, nikaiweka sahani katikati, nikasukuma tena, na giaboksi ikaingia kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Haikutaka nguvu hata kidogo. Ufa nikaupaka grisi, nikaisugua mpaka ikaingia ndani, nikapangusa.

Shomari aliporudi alizunguka injini mara mbili. Akasema, “Kumbe mtani wangu ana akili, alikuwa anaificha kwa adabu.” Aliniambia hivyo mbele ya wachimbaji, na nilisikia raha, Kabula. Hilo ndilo baya zaidi, kwamba nilisikia raha.

Jumamosi tuliirudisha injini. Yeye alishika mnyororo juu, akishusha pole pole. Mimi nililala chali chini ya Chura, kuuongoza mkia wa giaboksi uingie mahali pake. Kigari kile kiko chini sana. Ukishaingia huwezi kukunja goti wala kugeuza shingo. Injini inaning'inia juu ya kifua changu, inashuka kidogo kidogo, na ule ufa ukaja ukasimama mbele ya pua yangu, umbali wa kiganja. Grisi ilikuwa imeanza kutoka jasho. Nikaacha kuongoza.

Shomari akasita. Akaniita kutoka juu, “Kuna kitu, mtani?”

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Injini ilikuwa bado hewani. Tungeivuta juu, angenicheka mwezi mzima, tungelichomelea sikio lile kwa mhunzi wa mgodini, basi. Nilifungua mdomo. Nikasema, “Hakuna. Shusha.”

Akashusha.

Jumapili Bwana Saa alitoka na Chura kwenda kwa Wazungu wenzake. Kwenye kilima cha kwanza sikio likakatika, giaboksi ikaning'inia, ikamwaga oili yote, ikajifunga. Alirudi kwa miguu, jua la saa nane, bila kofia. Chura kilivutwa na ng'ombe sita mpaka gerejini.

Jumatatu alitupanga wote mbele ya gereji, wachimbaji na mafundi. Akauliza, “Nani nafunga hii?” Macho ya watu yalianza kuja upande wetu. Nilikuwa na mke, nawe na ndugu yako. Sikusema ni Shomari, mwanangu. Ningekuwa nimesema hivyo angalau ningekuwa mwongo aliyenyooka. Nilifanya utani. Nikasema, kwa sauti ya kuchekesha, “Bwana, Mzaramo ukimpa bolti anaikamua kama tui la nazi.”

Watu wote wakacheka. Walidhani nimetania ili kupoza mambo. Na Shomari akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, kwa sababu mtani akikucheka unacheka. Hakuwa na njia nyingine. Bwana Saa hakujua utani ni kitu gani. Aliona mtu ametajwa na mtu anacheka. Akamwonyesha kidole: “Wewe. Leo kwenda.”

Kicheko kikakatika. Shomari akanitazama. Alikuwa anangoja nimalizie, kama watani wanavyomalizia: hapana, Bwana, huyu mtani wangu, namtania tu. Alinipa muda. Nilitazama chini, kwenye viatu vya Bwana Saa, na mpaka leo naweza kukuchorea kamba zake zilivyofungwa.

Mchana akapakia mkeka wake kwenye lori la mawe. Nilimfuata pale. Akanisogeza pembeni, watu wasisikie. Akasema, “Ufa una grisi ndani, mtani. Ufa wa barabarani hauna grisi.” Kisha akatia mkono mfukoni, akanipa kile kijiti. “Kaa nacho. Utakihitaji kuliko mimi.” Hakutania. Lori likaondoka.

Wiki iliyofuata nikapewa kazi yake. Kwa kazi hiyo nikapata cheti kizuri, kwa cheti nikapata kiwanda cha pamba, na kwa kiwanda cha pamba wewe ukasoma. Sikuambii ili uone uchungu wa masomo yako, soma. Nakuambia kwa sababu kesho kutwa utakula wali wa mtu huyo, na sitaki uule bila kujua.

Kijiti sikukitumia kwenye gari lolote. Nikakiweka dirishani jikoni, ambako ningekiona kila siku na hakuna mtu angeniuliza ni cha nini.

Mama yako ameita tena. Moshi umemzidi, anasema nikatafute hata mwiko tuegemeze. Yeye naye anaijua ile ya Chura kama wewe ulivyoijua. Naweka kalamu, naenda jikoni kumwambia dirisha lake lilishikiliwa na nini miaka yote hii.

Baba yako